Daftari Lililonyamazishwa

Mwili ule ulikuwa mdogo kuliko mto uliouegemea.

Ulilala kitanda cha nne, wodi ya watoto, hospitalini Bukoba. Mpira ulipita puani, nyaya tatu zilibandikwa kifuani. Haukuwa maiti. Lakini kwenye jalada ambalo Inspekta Edvina Rutaihwa alilibana kwapani, mtu alikuwa ameshaandika pembeni kwa penseli: *Mtoto akifariki, shtaka libadilishwe.*

Edvina alilisoma tena neno lile, "akifariki", akaligeuzia jalada tumboni ili mama wa mtoto asilione.

"Anaitwa nani?"

"Mugisha." Mama hakugeuka. "Ana mwaka na miezi miwili."

Mama huyo aliitwa Georgina, mkulima wa kahawa na migomba wa Kagoma, wilaya ya Muleba. Alikuwa ameinamisha sikio karibu na mdomo wa mwanawe, kama mtu anayesikiliza mlango. Kando yake mashine ililia: ti, ti, ti. Muuguzi wa wodi aliinyooshea mkono.

"Usizime!" Georgina alishtuka.

"Sizimi, mama. Napunguza sauti tu, na wengine walale."

"Ibaki inasikika."

"Itasikika."

Daktari alimvuta Edvina pembeni, akaeleza kwa kifupi. Jumanne asubuhi mtoto alishikwa na degedege. Akakimbizwa kwenye zahanati ya Kagoma, moja ya kumi na mbili za mradi wa afya. Saa nne na nusu akachomwa sindano ya kutuliza degedege. Dakika kumi baadaye akaacha kupumua. Walimpulizia hewa kwa mfuko wa mkono njia nzima hadi Bukoba.

"Majibu ya damu?"

"Dawa ni mara mbili ya anayostahili mtoto wa kilo tisa."

"Atapona?"

"Tangu jana jioni anapumua mwenyewe. Hajafungua macho. Hapo siwezi kukudanganya, Inspekta."

Edvina alirudi kitandani. "Ma Georgina, nani alimchoma?"

"Joanitha." Safari hii aligeuka. Macho yalikuwa makavu, mekundu. "Tunasali kigango kimoja. Mwanangu alipobatizwa, yeye ndiye aliyemshikia kitambaa. Afadhali angekuwa mtu nisiyemjua, waitu."

* * *

Kituo cha polisi Muleba, saa tano asubuhi, siku hiyo hiyo ya Alhamisi.

Joanitha alitolewa mahabusu akiwa amejifunika kanga kifuani. Alikuwa na mtoto wa miezi saba nyumbani. Dada yake alimleta kituoni mara tatu kwa siku anyonye, na leo alikuwa amechelewa. Kanga ilikuwa imelowa sehemu mbili. Edvina aliona, akavuta kiti chake mwenyewe akampa.

Kesho saa tatu asubuhi muuguzi huyu alikuwa apandishwe kizimbani. Akinyimwa dhamana, angepelekwa gerezani, na huko hakuna dada wa kuleta mtoto mara tatu.

"Ulimpa Mugisha kiasi gani?"

"Mililita moja nukta nane."

"Skrini ya tableti yenu inasema sifuri nukta tisa."

"Inasema hivyo sasa. Jumanne ilisema moja nukta nane."

"Koplo Faruku, tuonyeshe."

Koplo Faruku, msaidizi wa Edvina, aliweka mezani tableti ya zahanati, ikiwa ndani ya mfuko wa vielelezo. Aliifungua. Programu ya dozi iliyokuwamo waliiita Kipimo. Muuguzi anaweka jina la dawa na uzito wa mtoto, nayo inamwambia achome kiasi gani. Faruku alifungua ukurasa wa Mugisha. Kilo tisa. Sifuri nukta tisa. Ilikuwa wazi, kwa herufi za kijani.

"Unaona mwenyewe," alisema Faruku.

"Naona." Joanitha aliisogelea skrini. "Jumatano nilipoonyeshwa nilidhani nimechanganyikiwa. Lakini afande, mimi huandika kwanza ndipo nivute dawa. Niliandika kwenye kadi yake ya kliniki. Moja nukta nane."

"Kadi nimeiona. Inathibitisha uliandika. Haithibitishi ulisoma sawa."

Edvina aligeuza ukurasa wa daftari lake.

"Mtoto wa kilo tisa. Hukushtuka?"

"Kidogo." Alifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Wiki tatu nyuma, kiasi hicho ndicho tulichokuwa tukitoa. Zilikuwa chupa za zamani. Halafu zikaja chupa mpya, dawa yake kali mara mbili, na skrini ikashusha kiasi nusu. Jumanne nikaona kimepanda tena. Nikasema labda wakubwa wamerekebisha."

"Ungepiga simu."

"Mtoto anarusha miguu, mama yake anapiga kelele, mimi nipige simu? Na tuliambiwa tusibishane na skrini. Mwenzangu mmoja alibishana, akaandikiwa barua ya onyo."

Nje mtoto alilia. Joanitha aliinua kichwa kabla ya mtu mwingine yeyote kusikia.

"Huyo ni wangu," alisema. "Inspekta, kesho mkinipeleka, wangu atanyonya wapi?"

Edvina alimfungulia mlango. Alimruhusu aende kumnyonyesha. Kisha akainamia tableti, maana macho yake yalihitaji kitu cha kutazama. Chini kabisa ya skrini, kwa herufi ndogo kama sisimizi, kulikuwa na maneno: *Kikokotoo, toleo la 216.*

Aliyanakili kwenye daftari lake. Hakujua kwa nini.

* * *

Ofisi ya mradi ilikuwa ghorofa ya pili, mjini Bukoba. Watu wawili waliwapokea Edvina na Faruku.

Wa kwanza alikuwa Dastan, mfamasia wa mradi, mtu mzima wa miaka hamsini aliyeitwa na wote kwa heshima Ta, yaani baba, shati limepigwa pasi, sauti ya taratibu. Wa pili alikuwa Mwesiga, kijana aliyeiandika programu ya Kipimo. Huyu alikuwa na kucha zilizotafunwa mpaka kwenye nyama.

"Karibuni chai," alisema Dastan.

"Tutakunywa siku nyingine, Ta Dastan. Mwesiga, mtu akiibadilisha programu hii, nitajuaje?"

"Kuna daftari la mabadiliko." Kijana alilifungua kwenye kompyuta. "Mazingira ninayoandikia programu yanatunza kila kitu. Nikibadilisha mstari mmoja, linaandika jina langu, siku, saa, mstari wa zamani na mstari mpya. Huwezi kulidanganya."

"Badiliko la mwisho la kikokotoo, kile kinachotoa kiasi cha dawa?"

"Hili. Toleo la 213. Mwezi uliopita, jina langu."

"Baada ya hapo hakuna aliyekigusa?"

"Daftari liko safi," alidakia Dastan. "Tumeshawaambia wenzenu wa Muleba. Yule binti alikosea kusoma. Inasikitisha, ana mtoto mchanga."

Edvina alifungua daftari lake la karatasi, akamgeuzia Mwesiga.

"Kwenye tableti ya Kagoma nimesoma 216. Kwako lipo 213. Mimi hesabu niliisoma shule ya jioni, lakini hapo nakosa matatu. Yako wapi?"

Mwesiga aliitazama ile namba. Dastan aliinua kikombe chake, akakishusha bila kunywa.

"Yako wapi, kijana?"

"Hayo... hayo hakuyaandika mtu."

"Aliyaandika nani? Malaika?"

Faruku aliguna. Mwesiga hakucheka.

"Mashine yenyewe. Nieleze?"

"Eleza kama unamweleza mama yako."

Kijana alivuta karatasi akachora visanduku. Nguvu ya kila dawa, alisema, imewekwa kwenye jedwali. Mtu akibadilisha namba kwenye jedwali, yale mazingira yanaandika upya msimbo wa kikokotoo, yanaugeuza uwe lugha ya mashine, yanausambaza kwenye tableti zote. Hakuna mtu anayeandika mstari hata mmoja.

"Na daftari?"

"Haliandiki."

"Ulisema linatunza kila kitu!"

"Linatunza alichoandika mtu." Sauti yake ilipungua. "Mwanzoni lilikuwa linatunza na ya mashine. Ila majedwali ni mengi, Inspekta. Chanjo, stoo, ratiba. Yanabadilika usiku kucha. Asubuhi nakuta mistari mia tatu ya mashine, yangu mitatu imezama humo siioni. Na kila badiliko lilituma ujumbe kwenye simu zetu. Ta Dastan alilalamika simu inalia mpaka kanisani."

"Ililia wakati wa ekaristi," alisema Dastan.

"Kwa hiyo?"

"Kuna mahali pa kuchagua. Mabadiliko ya mashine yatangazwe, yaandikwe tu bila kutangazwa, au yapite kimya. Ningeweza kuchagua lile la katikati." Alitafuna ukucha. "Nilichagua kimya. Nilikuwa nimechoka."

Edvina aliiweka kalamu chini. Kwa hiyo mtu angeweza kuugusa uhai wa mtoto yeyote kwenye zahanati kumi na mbili, na isibaki alama.

"Hata kiasi alichochomwa mtoto hakikuhifadhiwa?"

"Inahifadhi dawa na uzito. Kiasi inakikokotoa upya kila unapofungua ukurasa."

"Yaani Jumanne inaweza kusema hivi, Jumatano ikasema vingine, na zote ikaziita Jumanne."

Mwesiga alifunika uso kwa viganja. "Sikuwahi kuliona hivyo."

"Toleo la 216 limezaliwa lini?"

Alitafuta. "Faili lina saa yake. Jumatano. Saa moja na dakika kumi asubuhi."

"Siku moja baada ya sindano. Na la 215?"

"Limefutwa. Jipya linakalia nafasi ya la zamani."

"Nani ana ruhusa ya kubadilisha jedwali la dawa?"

"Mimi," alinong'ona Mwesiga. "Na Ta Dastan."

"Jina la aliyebadilisha?"

"Linasema 'mfumo'. Basi."

Edvina aligeuka. "Ta Dastan. Jumatano saa moja asubuhi ulikuwa wapi?"

"Msibani." Alijibu bila haraka. "Kwetu Ijuganyondo jirani alifiwa na mama yake, tulizika Jumatano. Nilikuwepo tangu alfajiri. Uliza mtu yeyote."

"Poleni. Toleo la 214 ni kazi ya nani?"

"Hilo mimi, silikatai. Chupa mpya zilipokuja nilishusha kiasi, kama inavyotakiwa. Mengine siyajui."

"Mwesiga?"

"Jumatano saa moja nilikuwa nimelala."

"Na nani?"

"Peke yangu. Nimepanga chumba Nyanga."

"Nani alikuona?"

Kijana alirudisha kidole mdomoni. Ukucha wake ulianza kutoa damu. Faruku alikuwa ameshashika pingu, akimtazama bosi wake kwa jicho la kuuliza. Ruhusa Mwesiga alikuwa nayo. Ujuzi alikuwa nao. Ndiye aliyelinyamazisha daftari. Ushahidi wa kuwa kitandani hakuwa nao.

"Bado," alisema Edvina. Alikuwa akiwaza kanga iliyolowa. Kumkamata mtu mwingine kusingemtoa Joanitha. Lilihitajika toleo la 215 lenyewe, liseme kwa mdomo wake. "Mwesiga, tableti zote zimeshapokea 216?"

Kijana alipitisha kidole kwenye orodha. Kidole kilisimama.

"Kumi na moja zimepokea. Moja bado ina 215. Mara ya mwisho kuonekana mtandaoni ni Jumanne adhuhuri. Ijuganyondo."

"Hiyo mbovu," alisema Dastan. Safari hii alisema kwa haraka. "Nilikuwa niipitie leo."

"Ikiwashwa itatokea nini?" Edvina alimwuliza kijana.

"Ikishika mtandao tu inapokea 216. Sekunde kumi. Na 215 ndiyo basi, haipo tena duniani."

"Mpigie muuguzi wa huko."

Simu iliita mpaka ikakata. Mara ya pili hivyo hivyo.

Edvina alimwita askari aliyekuwa mlangoni. "Kaa nao hawa wawili. Hakuna kugusa kompyuta wala simu, ila Mwesiga anipokee nikimpigia. Faruku, gari!"

* * *

Barabara ya Ijuganyondo ilikuwa na matope ya mvua ya asubuhi. Faruku alikanyaga mafuta, Edvina akabonyeza namba ile ile kila baada ya kona. Haikupokelewa. Aliwaza kidole cha mwanamke asiyemjua kikibonyeza kitufe cha pembeni, bila nia mbaya, kama anavyofanya kila siku.

Zahanati ilikuwa wazi. Mama mnene aliyefunga kitambaa cheusi kichwani alikuwa amesimama mbele ya kabati, ufunguo bado unaning'inia kwenye kitasa. Mkononi alishika tableti.

"Usiiwashe!"

Mama aliruka, nusura aiangushe.

"Mae! Mbona mnaniua kwa presha?"

"Shikamoo, mama. Polisi. Iweke mezani taratibu. Umeiwasha?"

"Nilikuwa ndiyo nataka. Nimetoka matanga sasa hivi, hata simu nimeiacha nyumbani. Jumanne adhuhuri niliizima nikaifungia humo, nikaenda msibani. Kuna nini?"

Huyo ndiye Ma Kokubanza, muuguzi wa zahanati. Edvina alimpigia Mwesiga, akaweka spika.

"Toeni laini kwanza," sauti ya kijana ilitoka kavu. "Kuna kitundu pembeni, tumieni pini. Halafu muiondoe hapo, zahanati ina waifai, tableti inaijua. Nendeni mbali. Mita mia."

"Chaji?"

"Waya uliungua wiki iliyopita," alisema Kokubanza. "Nilikuwa nachajia kwa binti yangu. Haikuwa na chaji nyingi."

Waliingia kwenye kibanja, shamba la migomba nyuma ya zahanati, wakapita migomba mstari baada ya mstari mpaka paa likapotea. Maji yalidondoka kutoka kwenye majani yakawalowesha mabega. Faruku alifungua kamera ya simu, akataja tarehe, saa na majina yao kwa sauti ya kazi.

Edvina alibonyeza kitufe.

Skrini ilibaki nyeusi. Sekunde tano. Kumi. Kokubanza alifanya ishara ya msalaba.

Ikawaka. Betri: asilimia tatu.

"Hakuna mtandao," Faruku alisema kwenye kamera. "Kikokotoo, toleo la 215."

"Dawa?"

"Ya degedege."

"Uzito?"

"Kilo tisa," alisema Edvina. Alibonyeza.

Herufi za kijani zilitokea: *Mililita 1.8.*

Faruku alisogeza kamera karibu, akapiga picha mbili, tatu. Asilimia mbili. Asilimia moja. Skrini ikazima yenyewe.

"Umeipata?"

"Nimeipata, afande. Yote."

Edvina aliegemea mgomba. Joanitha alikuwa amesoma sawasawa.

"Kwani hiyo moja nukta nane ina ubaya gani?" aliuliza Kokubanza. "Kwa chupa zangu ndiyo sahihi. Mimi nina zile za zamani bado. Zile kali hawajaniletea."

Edvina aligeuka polepole. "Bado una za zamani?"

"Boksi zima. Tena Jumanne nilitaka kugombana kwa ajili hiyo. Aliletwa mtoto na degedege, kilo kumi na nane. Skrini inaniambia moja nukta nane. Nikajua haitoshi kwa dawa yangu hii. Baba yake akanipigia, akasema toa mara mbili. Nikakataa! Nibishane na skrini nipewe barua? Akasema subiri dakika kumi, angalia tena. Nikaangalia, ikawa tatu nukta sita. Nikachoma, mtoto akatulia. Lipo kwenye rejista yangu, nimekata namba ya kwanza nikaandika ya pili. Saa tatu na nusu asubuhi."

"Baba wa mtoto huyo ni nani?"

"Si Dastan wa mradi? Binti yake huyo wa mwisho ana kifafa tangu uchanga, maskini."

Majani ya migomba yaliendelea kudondosha maji. Edvina alijilazimisha kuuliza swali linalofuata kwa sauti ile ile.

"Mama, Jumatano kwenye mazishi. Dastan alikuwepo asubuhi?"

Kokubanza alicheka kwa uchungu, kicheko cha kijiji kizima.

"Weee! Hilo mbona limezungumzwa mpaka leo? Mke wake alikuja peke yake na mkungu wake wa ndizi. Watu tunamenya, tunaulizana, huyu jirani wa ukuta kwa ukuta yuko wapi? Ametokea kaburi linafukiwa, viatu visafi kabisa. Hakushika hata jembe. Kwetu hapa mtu anaweza kukusamehe vyote, lakini hilo, aa-a."

* * *

Saa tisa alasiri, kituo cha polisi Bukoba. Edvina alimsomea Dastan haki zake, kisha akaweka mezani vitu viwili: picha ya skrini na rejista ya Ijuganyondo iliyofunguliwa ukurasa wa Jumanne.

"Ulisema ulikuwa msibani tangu alfajiri."

"Nilikuwepo."

"Kaburi likifukiwa, viatu visafi."

Dastan alitazama viatu vyake. Vilikuwa visafi hata sasa.

"Jumanne saa tatu na nusu, nani alirudisha jedwali kwenye nguvu ya chupa za zamani?"

Dastan aliifunga rejista.

"Jumatano saa moja na dakika kumi, nani alilirekebisha?"

Edvina aliifungua rejista tena, palepale.

"Binti yako anaendeleaje, Ta Dastan?"

Hapo ndipo alipovunjika. Mabega yalishuka ndani ya lile shati la pasi kama hema lililotolewa miti.

"Alikuwa amebadilika rangi," alisema. "Mke wangu aliniwekea simu kwenye mdomo wa mtoto nisikie. Nilisikia meno yanavyogongana. Nikamwambia Kokubanza atoe mara mbili. Akakataa. Alikuwa na haki ya kukataa. Ile amri ya kutobishana na skrini niliiandika mimi. Barua za onyo nilisaini mimi."

"Ukabadilisha jedwali."

"Kwa dakika kumi tu. Nilisema nitarudisha baada ya dakika kumi. Mke wangu akapiga, mtoto katulia. Nikaingia chooni, nikalia, nikanawa uso. Nilipotoka wakaniita kwenye kikao. Nikasahau."

"Na Kagoma wana chupa mpya."

"Nilijua. Zahanati kumi na moja zina chupa mpya. Kwenye taarifa yangu niliandika zote kumi na mbili zimepata, boksi la Ijuganyondo nikasema litafuata. Halikufuata."

"Habari za Mugisha ulizipata lini?"

"Jumanne jioni. Sikulala. Asubuhi nikaja ofisini badala ya msibani, nikarudisha namba. Nikafungua daftari la mabadiliko kuona limeandika nini juu yangu." Alinyanyua macho. "Halikuwa na kitu. Nililitazama muda mrefu. Halina kitu! Nikadhani Mungu amenisitiri."

"Na Joanitha?"

"Nilijiambia watamwachia. Nilijiambia ataonywa tu."

"Ulijua ana mtoto ananyonya. Uliniambia mwenyewe, leo mchana, umeshika kikombe."

Dastan alilaza paji la uso mezani. "Wangu alipona," alisema kwenye mbao. "Ningesemaje kwamba wangu alipona na wa mwenzangu ndiyo akawa hivyo?"

"Ungesema hivyo hivyo," alisema Edvina. "Hilo la kwanza lilikuwa kosa la baba. Hili la pili ni la jinai."

Alimsukumia kalamu. Maelezo yalichukua kurasa nne. Alisaini kila ukurasa, kwa saini nzuri ileile ya kwenye barua za onyo.

Koridoni, Mwesiga alikuwa amekaa kwenye benchi, vidole vimefungwa plasta. Alisimama.

"Nimebadilisha, Inspekta. Sasa mashine ikijiandikia, daftari litaandika: nani amegusa jedwali, namba gani ilikuwa, namba gani imekuwa. Halitapiga simu ya mtu kanisani. Ila litaandika. Na kiasi alichoonyeshwa muuguzi kitabaki kama alivyoonyeshwa."

"Na ile mistari mia tatu ya asubuhi?"

"Itakaa kurasa zake. Asiyeitaka asiifungue." Alisita. "Mimi nina kesi?"

"Una maelezo ya kuandika. Marefu. Ukimaliza, nenda ukalale."

* * *

Ijumaa saa tatu asubuhi, saa ile ambayo angepanda kizimbani, Joanitha alishuka kwenye gari la polisi mbele ya hospitali, mwanawe mgongoni. Yeye ndiye aliyeomba aletwe. Alifika mlangoni mwa wodi akagoma kuingia.

"Atanifukuza."

"Amesomewa maelezo yote jana jioni," alisema Edvina. "Ila sikumwuliza kama atakufukuza."

Ndani, mashine iliendelea: ti, ti, ti, taratibu, sauti ya chini ambayo kila aliyekuwa wodini aliisikia bila kuisikiliza. Georgina alikuwa palepale. Alimwona aliyesimama mlangoni. Alimtazama usoni, akaitazama ile kanga, na kichwa kidogo kilichochungulia begani.

Kisha akasogea kwenye benchi, akabakiza nafasi.

"Njoo ukae," alisema. "Amefungua macho alfajiri, akataka maji. Sasa amelala, usingizi wa kweli. Inama hapa. Sikiliza anavyopumua."

Joanitha aliinama.